Unalea vijana kwenye makao? Namna ya kubeba hisia za kazi hii bila kuisha

Hii nawaandikia walezi wenzangu wa makao ya kulelea watoto na vijana, nyie mnaowaamsha vijana asubuhi, mnaovutana nao kuhusu simu, mnaokesha zamu ya usiku mkisikilizia ni mlango gani umefunguliwa, afu kesho yake mtu wa nje anawaambia "kazi yenu rahisi, kukaa na watoto tu". Mtoto mdogo mkikosana analia na baada ya muda anarudi kukukumbatia. Kijana wa miaka 15 ambaye ameshahamishwa mara kadhaa hakulilii, anatafuta neno litakalokuuma na kwa kweli analipata, na wewe unatakiwa uendelee kuwa mtu mzima hapo hapo, mbele ya wenzake wote wanaoangalia.

Ninachoamini mimi ni kwamba hisia zinazokupata kwenye hii kazi ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa hiyo zinahitaji ratiba na mahali pa kuwekwa, kama dawa za vijana zilivyo na ratiba yake na kabati lake. Zikikosa mahali zinatokea kwa kijana, au kwa watu wako nyumbani, au zinabaki mwilini mwako. Hatua hizi sio lazima uzifuate zote kwa mpigo, anza na ile inayokubana zaidi sasa hivi.

Hatua ya 1: Jua hasa ni nini kinakuuma

Tukiulizwa wote tunajibu "nimechoka tu". Ila kuna uchovu wa aina nyingi na dawa zake hazifanani, ukikosea aina utachukua likizo, utalala vizuri, na siku ya kwanza ukirudi hali ni ile ile.

Kuna kuishiwa nguvu na kazi. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuhusu hali hii mwaka 1974 baada ya kuwaona watu waliojitolea kwa moyo wote kwenye kliniki ya bure wakizidi kuisha kidogo kidogo, na baadaye Christina Maslach na wenzake wakaonyesha kwamba ina sura tatu: unaishiwa kihisia, unaanza kuwaona watu unaowahudumia kama vitu, na unaanza kuona kazi yako haina faida. Hiyo ya pili ndo ya kuichunga sana kwenye makao. Siku ukijisikia unasema "wale wa chumba cha mwisho" badala ya majina yao, au kijana analia mbele yako na wewe unawaza saa ngapi unatoka, ujue imeshafika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliieleza kama hali inayotokana na stresi ya kazini ya muda mrefu ambayo haikushughulikiwa, na halikuihesabu kama ugonjwa. Mimi naliona hilo ni la muhimu kwa sababu linamaanisha chanzo kipo kazini, na sehemu kubwa ya dawa lazima itoke huko huko.

Kuna kubebeshwa trauma ya mwingine, yaani jeraha la moyoni la mambo mabaya yaliyompata. Haikukupata wewe, ulisimuliwa tu au ulisoma kwenye faili, lakini picha zinakuja ukiwa kwenye basi, unaota, unaanza kumshuku kila mtu mzima aliye karibu na mtoto, unaogopa kumwacha mwanao hata kwa ndugu. Hii likizo haiitibu, inahitaji kuongea na mtu mwenye ujuzi.

Kuna huzuni ya kuachana, nitaiongelea mbele. Na kuna uchungu wa kujua kabisa kijana huyu anahitaji nini halafu utaratibu haukuruhusu kumpa, au mko wachache mno. Huu unaharibu watu wazuri haraka kuliko yote, maana wanaanza kujilaumu wao kwa kitu ambacho hawana mamlaka nacho.

Zoezi: kwa wiki moja, kila ukimaliza zamu andika mstari mmoja tu, "leo kimenibaki nini". Usiandike ripoti, andika kilichokubaki. Baada ya wiki utaona ni aina gani inajirudia.

Hatua ya 2: Tenganisha hasira yake na wewe

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo panapovunja walezi wapya wengi.

Mchana umekaa naye jikoni, mmepika, amecheka, amekusimulia mambo ya shule, wewe moyoni unasema leo tumefika mahali. Jioni unamwambia muda wa simu umeisha na anageuka, anakuambia "wewe hapa unalipwa tu, kesho ukipata kazi nyingine unatuacha kama wengine", anapiga mlango, na unasikia kitu kinapasuka huko ndani. Wewe umesimama kwenye korido, mikono inatetemeka, na kinachouma zaidi ya tusi ni ule mchana mzuri, unajiuliza ina maana alikuwa anaigiza?

Hakuwa anaigiza. Kijana aliyeachwa na watu aliowategemea amejifunza kwamba ukimzoea mtu ndo unaumia, kwa hiyo siku anapojisikia yupo karibu na wewe ndo anaogopa zaidi, na kinga anayoijua ni kukusukuma yeye kabla hujamwacha wewe. Anakupima pia, anataka kujua utaondoka ukiona ubaya wake wote au utabaki. Ongeza na ujana wenyewe: sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayosaidia mtu kujizuia na kufikiria kesho, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu, na kwa kijana aliyekulia kwenye hatari mwili wake unajibu kama hatari ipo hata pale ulipoomba simu tu.

Cha kufanya ni hiki. Usimjibu pale pale kwamba unampenda, hawezi kuamini na itageuka ubishi. Usijitetee kuhusu mshahara. Sema kitu kifupi na cha kweli, kwa mfano: "Ndiyo, nalipwa, hii ni kazi yangu. Na leo nilifurahi kupika na wewe. Yote mawili ni kweli. Nipo hapa nje." Afu kaa nje kweli. Asubuhi msalimie kama kawaida, kwa jina lake, na mazungumzo ya kilichopasuka yafanyike baadaye mkiwa wote mmetulia. Ile salamu ya asubuhi ina kazi kubwa kuliko hotuba yoyote, maana anasubiri kuona umenuna au la.

Na wewe jiulize swali moja kabla ya kulala: katika yale maneno aliyonitupia, lipi limegusa kidonda changu cha zamani? Kama ulilelewa na mtu aliyekuwa akikuambia hufai, kijana akisema "hufai" utawaka mara mbili. Yeye hajui hilo, wewe unatakiwa ulijue.

Hatua ya 3: Pale moto unapowaka, anza na mwili wako

Huwezi kumtuliza mtu ukiwa umepanda. Angalia taya, mabega, ngumi, pumzi. Shusha mabega, toa pumzi ndefu polepole, ongea chini kuliko anavyoongea yeye. Simama kwa ubavu, usimzibie mlango, na kama kuna wenzake wanaangalia watoe wao au muombe mhame, kwa sababu kijana mwenye watazamaji hawezi kurudi nyuma hata kama anataka.

Na mkubaliane mapema na mwenzako wa zamu neno la kubadilishana. Mfano "kuna simu yako ofisini". Ukisikia hivyo unatoka, hakuna kuuliza, hakuna kesho yake kuambiwa ulishindwa. Makao yasiyo na neno hili yana walezi wanaong'ang'ania ugomvi kwa sababu ya aibu tu.

Kama umepigwa, umetemewa mate au umetishiwa, hiyo inaandikwa na kuripotiwa, unapata matibabu, na unapewa muda wa kutoka pale. Habari ya "ndo kazi yetu hiyo" naomba tuiache. Kumwelewa kijana kwa nini alipiga hakuondoi kwamba umepigwa, na kijana mwenyewe hasaidiki akiona watu wazima wanafanya kama hakuna kilichotokea.

Hatua ya 4: Kiri zile hisia ambazo tunaona aibu kuzisema

Kuna vijana utawachukia. Nasema neno hilo kabisa. Kuna atakayekutia kinyaa kwa alichomfanyia mwenzake, na kuna atakayekuwa kipenzi chako mpaka wenzake waone. Mwaka 1949 daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliandika wazi kuhusu mvulana wa miaka 9 aliyekaa nyumbani kwake miezi mitatu wakati wa vita, mtoto mgumu sana, na akaeleza kwamba kulikuwa na nyakati alimchukia na kwamba kulijua hilo ndo kulimsaidia asimpige. Hoja yake bado ina nguvu: chuki uliyoikiri unaweza kuishika, ile unayoificha inatoka kwa mlango mwingine. Inatoka kama adhabu iliyozidi kosa, kama kumsahau kwenye safari, kama sauti kavu unayomtumia yeye peke yake.

Kwa hiyo mwambie msimamizi au mwenzako unayemwamini, faragha: "fulani nashindwa kumvumilia kwa sasa". Mgawane, mwingine ashike mambo yake magumu kwa muda, wewe tafuta jambo moja dogo la kufanya naye lisilo na mvutano. Kijana mwenyewe hatakiwi kulibeba hilo.

Upendo nao unahitaji macho. Utajikuta unawaza "huyu ningemchukua tu nikakaa naye", na hisia hiyo ni ya binadamu, hamna dhambi kuwa nayo. Ila ukiona unampa namba yako binafsi, unamnunulia vitu kwa siri, unamfichia makosa, unabadilisha zamu ili ukutane naye, au anakuambia jambo na kuongeza "usimwambie mlezi mwingine" na wewe unajisikia fahari, lipeleke kwa msimamizi siku hiyo hiyo. Mipaka inamlinda yeye, ambaye labda watu wazima wenye siri ndo waliomuumiza, na inakulinda wewe.

Kuhusu kijana akianza kukuita mama au baba. Moyo unayeyuka, najua. Usimkatalie kwa ukali mbele za watu na usilikimbilie pia. Ana mama yake mahali fulani, hata kama ni marehemu, hata kama alimtendea vibaya, na akikuita wewe hivyo anaweza baadaye kujisikia amemsaliti yule. Mkiwa wawili mwambie jina hilo limekugusa, na kwamba mama yake atabaki mama yake, wewe ni mlezi wake na kumjali kwako hakutegemei jina. Kama kituo kina utaratibu wa kuwaita walezi "dada" na "kaka" au "anti" na "anko", basi wote mwende nao.

Hatua ya 5: Akikuambia jambo zito

Huwa wanachagua wakati wa ajabu, mnaosha vyombo, mpo kwenye gari, taa zimeshazimwa. Usiahidi siri. Mwambie mapema na kwa upole: "nakusikiliza, na kama kuna kitu kinachohatarisha usalama wako au wa mwingine itabidi nimwambie anayehusika, nitakuambia kwanza ni nani." Msikilize bila kumhoji, usishtuke usoni kiasi cha yeye kuanza kukutuliza wewe, mshukuru kwa kukuambia, afu andika maneno yake kama alivyoyasema, haraka uwezavyo, na ripoti kwa utaratibu wa kituo.

Baada ya hapo ndo zamu yako. Utatamani kummwagia mwenzako kila kitu na kila picha. Subiri. Muulize kwanza "nina jambo zito, una nafasi ya kulisikia sasa?", na hata akikubali mpe kiini tu, yale ya undani kabisa yaache kwa msimamizi au mshauri. Tunaumizana sana ofisini kwa kusimuliana mambo ya kutisha wakati mtu anakula, bila hata kumuuliza. Na faili, soma unachohitaji ili umlee vizuri, huna haja ya kusoma kila ukurasa saa sita usiku ukiwa peke yako.

Mkigundua kijana anajidhuru, hofu ya zamu za usiku itakushika, utakuwa unasimama mlangoni kwake kusikiliza kama anapumua. Hofu hiyo usiibebe peke yako, idai iwe mpango wa maandishi: nani anamcheki, kila baada ya muda gani, vitu gani vinaondolewa, anapigiwa nani. Mpango hauondoi hofu yote ila unakuruhusu kukaa kwenye kiti.

Hatua ya 6: Kabidhi zamu vizuri, pamoja na hisia

Usiandike kitabu cha zamu ukiwa bado umewaka. Kunywa maji, ndo uandike. Linganisha "alikuwa mkorofi na mtovu wa adabu usiku wote" na hii, "saa 2 usiku aliambiwa mama yake hatapiga simu leo, alirusha kiti, akajifungia chumbani, saa 3 alifungua mlango na kuomba chai". Ya kwanza ni hasira yako. Ya pili inamsaidia anayeingia asubuhi kujua afanye nini. Kumbuka pia sehemu nyingi kijana akishakuwa mtu mzima ana haki ya kuomba kusoma kumbukumbu zake, kwa hiyo unamwandikia na yeye wa kesho.

Mwisho wa makabidhiano kila mtu aseme sentensi moja kuhusu hali yake yeye. "Naondoka nikiwa na wasiwasi na fulani." Inatosha, anayebaki ameupokea wasiwasi huo, wewe nenda.

Ukifika nyumbani, badilisha nguo, oga, tembea kidogo, chochote kinachouambia mwili zamu imeisha, na simu ya kazi izimwe kama hauko kwenye orodha ya dharura. Wako nyumbani waambie "leo ilikuwa nzito" bila majina na bila mikasa ya vijana, wanaweza kukufariji bila kujua kilichotokea.

Hatua ya 7: Agana, na uomboleze

Anatimiza miaka 18, au anahamishiwa kituo kingine, au anarudishwa kwa ndugu ambao wewe moyoni una wasiwasi nao, au anatoroka na kitanda kinapewa mwingine ndani ya siku chache. Umemlea miaka na hakuna anayekupa pole. Mtafiti Kenneth Doka mwaka 1989 aliielezea huzuni ya namna hii, ile ambayo jamii haiitambui kwa hiyo mwenye nayo hapewi nafasi ya kuomboleza, na mimi naona walezi wa makao wamo humo kabisa.

Pale mnapojua tarehe, anzeni mapema. Mwandalie daftari lenye picha na maneno ya walezi na wenzake, mambo halisi kabisa, siku alipojifunza kuendesha baiskeli, utani wake, kitu alichomsaidia mtu. Mfungashie vitu vyake kwenye begi la maana, tafadhali sana, sio mfuko wa takataka, kijana anakumbuka hilo maisha yake yote. Mwambie ukweli kuhusu mawasiliano: utaratibu wa kituo unaruhusu nini, nani atampigia na lini. Usimwahidi "nitakupigia kila wiki" kwa sababu tu kuagana kunauma, atasubiri hiyo simu.

Tegemea pia atakuwa mbaya wiki za mwisho. Wengi wanaanzisha ugomvi ili kuondoka kuwe rahisi kuliko kulia. Usichukulie kama ndo kumbukumbu ya mwisho ya kazi yako.

Akitoroka au akifariki, kituo kikae pamoja, walezi na vijana, litajwe jina lake. Ukimya unawafundisha waliobaki kwamba na wao wakipotea hakuna atakayeuliza.

Hatua ya 8: Dai msaada, kwa maandishi ikibidi

Mazoezi ya kupumua hayatibu zamu ya saa 24 yenye mlezi mmoja. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala ya watoto, yaani ya watoto wasiolelewa na wazazi wao, inasema masharti ya kazi ya walezi, pamoja na malipo, yawe ya kuwapa ari, kuridhika na kudumu kazini, na kwamba kwenye makao wawepo walezi wa kutosha ili kila mtoto aangaliwe kama mtu binafsi. Itaje hiyo kwenye kikao. Omba kikao cha faragha na msimamizi, cha tarehe inayojulikana, kisichokuwa cha kukukagua. Nenda na mambo matatu: kijana anayekuumiza kichwa, hisia unayoona aibu kuisema, na kitu kimoja unachotaka kituo kibadilishe. Kama msimamizi hana muda au sio mtu wa kuaminika, kaeni walezi wawili watatu, saa moja, kila anayeongea asikilizwe bila kupewa ushauri mpaka auombe. Na mameneja mnaosoma hii, mlezi akija kuwaambia hajisikii vizuri msimpunguzie heshima, huyo ndo anayewalinda vijana wenu.

Picha, ndoto na kushtuka shtuka vikidumu zaidi ya mwezi, au ukiona huwezi kulala bila pombe, au umeanza kuwaogopa vijana kila unapokaribia geti, au umemshika kijana kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, tafuta mshauri au daktari, usisubiri mapumziko ya mwaka. Ukiwaza kwamba bora usingekuwepo, usimalize siku bila kumwambia mtu, piga simu ya dharura au nenda hospitali iliyo karibu, na zamu ya kesho aishike mwingine.